Picha Aliyotulia Mzee

Siku hiyo mzee aliamka na neno moja tu mdomoni: picha. Alilisema kabla ya kunawa uso, akalirudia wakati mkewe anamfunga vifungo vya shati, na mwanawe mkubwa alipoingia na beseni la maji ya moto kuja kumnyoa, akamwambia naye. Mwanawe huyo hakujibu. Alimfunga taulo shingoni, akakoroga povu, akaanza kazi.

"Picha. Leo. Na nisiwe natikisika," mzee alisema huku povu likimwingia mdomoni.

"Utatikisika tu," mkewe alimjibu kutoka mlangoni. "Wewe ukikaa, mpaka kiti kinacheza."

"Basi kipigwe picha kiti, mimi nitasimama pembeni."

Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu alikuwa kinyozi na wembe wake ulikupitia shingoni usijue umepita. Halafu maradhi ya kutetemeka yakamwingia, kwanza kidole gumba, kisha mkono, mwisho kidevu. Wateja hawakumwambia kitu, watu wana adabu zao. Walianza tu kuja wakijua kaenda kula na kiti kakishika mwanawe. Mmoja, mteja wa tangu ujanani, alikaa kitini, akauona wembe unavyomjia, akakumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Mzee alielewa. Alimkabidhi mwanawe mkubwa kiti, kioo na wembe, akaja kukaa nyumbani kulishwa kwa kijiko.

Alichokuwa akikidai sasa ni picha yake ya kutundikwa kule dukani, juu ya kioo. Picha zote alizopigwa tangu augue zilikuwa za aibu, videvu viwili, macho manne. "Mtu akija kunyoa amwone mwenye duka," alisema. "Asione mtu anayefukuzwa na nyuki."

Mwanawe mkubwa alimaliza kunyoa, akamfuta, akamgeuza uso huku na huku kuhakikisha hakuna alichokiruka. Juzi yake walikuwa wamegombana. Kijana alitaka kuubadili ule mwonekano wa kizamani wa duka, mzee akamwambia mbele ya wateja kwamba duka si lake bado. Kwa hiyo alikusanya vifaa vyake, akamwaga maji uani, akamuaga mama peke yake.

"Nina watu wananisubiri," alisema, akaondoka.

*

Mpiga picha alikuwa mwanawe mdogo, ambaye aliishi na wazazi pamoja na mkewe na watoto. Alikuwa na kibanda cha picha za vitambulisho, kamera ya kisasa, pazia la buluu, kazi ya dakika moja na kwaheri. Lakini mtu aliyempenda hakumpiga kwa kamera ile. Alitoa kabatini kamera yake ya filamu na lenzi yake fupi nene, yenye kioo kipana kama mdomo wa bilauri. Mkewe aliiita lenzi hiyo mke mwenzangu, na hakuwa anatania sana. Hata yeye hakuwahi kufutwa vumbi kwa upole ule.

Lenzi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya sura za watu. Ukilifungua tundu lake lote, inatosheka na mwanga wa dirisha moja, na inamtoa mtu mbele ya ukuta wake mpaka ukuta wenyewe unayeyuka. Lakini ina masharti. Kinachotoka wazi ni unene wa kidole tu. Ukilenga jicho, sikio limezama ukunguni. Aliyekaa akivuta pumzi, kifua kikamsogeza mbele kidogo, jicho nalo limekupotea. Ukilibana tundu unapata unafuu, lakini hapo filamu inataka muda mrefu, na mtu anayetetemeka hana muda mrefu wa kukupa.

Tena kamera yenyewe haikuambii ukweli papo hapo. Hutazami kupitia lenzi, unatazama kupitia dirisha dogo pembeni yake, na mtu wako yumo humo mdogo kama yuko ng'ambo ya barabara. Katikati ya dirisha kuna kipande ambacho ndani yake kila kitu ni viwili. Unaizungusha pete ya lenzi mpaka yale macho mawili yapandane, yawe jicho moja, halafu unabonyeza. Kazi ndiyo hiyo, na inammaliza mtu akili yote. Anayeifanya haoni sura, anaona kipande cha jicho.

Walimweka mzee kwenye kiti karibu na dirisha. Watoto walikuwa shule. Mama alikuwa uani akisuuza taulo. Mke wa mpiga picha alisimama upande wenye kivuli, ameinua shuka jeupe kwa mikono miwili ili mwanga urudi usoni mwa mzee.

"Baba, kidevu," alisema mpiga picha.

"Kidevu kiko pale pale. Unacheza wewe."

Alipiga moja. Alipiga ya pili. Kila alipoyapandanisha macho yale, yalikuwa yamekwisha achana. Alimwambia mzee aegemee, mzee akaegemea, na kutetemeka kukahamia kichwani. Aliwekewa mto nyuma ya shingo, akasema sasa anafanana na mgonjwa, uondoke. Mto ukaondoka.

"Mimi mikono inaniuma," alisema mke wa mpiga picha.

"Vumilia, mama watoto. Baba, hebu tujaribu hivi. Vuta pumzi, toa nusu, kisha usipumue mpaka nikwambie."

Ndivyo alivyowaambia wateja wake wote wa lenzi ile. Ilikuwa kama salamu ya kazi.

"Na ukisahau kuniambia?" aliuliza mzee.

"Siwezi kusahau."

Mzee akacheka, mkwe wake akacheka, shuka likayumba, wakasubiri litulie. Mpiga picha alirudisha jicho dirishani. Aliona kifua cha baba yake kinapanda, kinashuka nusu, kinakoma. Akazungusha pete. Macho yale mawili yakasogeleana, yakapandana, na safari hii hayakuachana.

Akabonyeza. Akavuta kiwiko cha kusogezea filamu. Jicho lilikuwa pale pale. Hakuamini. Akabonyeza tena, akasogea nusu hatua kulia, akalenga upya, jicho likamngojea. Mwanga ulikuwa umekaa juu ya shavu lile lililonyolewa vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze alikuwa akimpata baba yake, kope moja moja. Furaha ilimpanda mpaka kooni.

"Hivyo hivyo, baba. Vizuri sana. Usivunje."

Akapiga nyingine.

"Mikono ya baba imetulia," alisema mkewe.

"Naona. Inua shuka kidogo."

"Baba watoto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimesema imetulia."

Mpiga picha aliishusha kamera. Nje ya lile dirisha dogo baba yake akawa mkubwa tena, yuko karibu kabisa, karibu ya kumgusa goti, macho yamelitazama mahali pale ambapo lenzi ilikuwapo. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya mapaja na haikufanya chochote.

"Baba," alisema. "Pumua."

Shuka lilianguka. Mkewe ndiye aliyefika kwanza. Alimshika mzee mabegani, akamwita, akamtikisa, na kichwa kikaja mbele kama cha mtu anayeitikia jambo. Mpiga picha alikuwa bado amesimama na kamera mkononi. Kidole chake, bila kutumwa na mtu, kilikivuta kile kiwiko kuisogeza filamu tayari kwa picha inayofuata. Alikisikia kile kidude kikilia na akajichukia palepale.

*

Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara yao. Daktari hakukaa na mzee muda mrefu. Alitoka akawakuta wote wanne wamesimama ukutani, mama, mwanawe mkubwa aliyekuja mbio na aproni yake ya kinyozi, mpiga picha na mkewe.

"Ni moyo," alisema. "Kwa umri wake na maradhi yale, jambo hili lilikuwa linakuja. Poleni sana. Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapigwa picha," mpiga picha alisema.

Daktari aliinua nyusi, kidogo tu, akazishusha. "Mlikaa muda gani kabla hamjagundua?"

Mpiga picha alimtazama mkewe.

"Kidogo," alisema mkewe.

Kinyozi alilisikia neno lile. Alimgeukia mdogo wake, akamtazama toka viatuni mpaka usoni, kisha akamshika mama mkono, wakaingia ndani kumwona mzee. Mama hakulia. Alimtengeneza mumewe kola, kwa kuwa ilikuwa imekunjika, akauliza kama kuna mahali pa kukaa.

*

Walimzika kesho yake. Nyumba ikajaa viti vya kuazima na watu wa kuja na kutoka, na maneno nayo yakaja na kutoka pamoja nao. Eti alikuwa anapigwa picha. Eti kijana aliendelea kupiga. Mpiga picha akipita na birika, wanaozungumza walinyamaza ghafla, wakaisifia chai kabla hawajainywa.

Mgeni mmoja, mtu mwema asiyejua kitu, alimwomba amwonyeshe picha nzuri ya marehemu aikumbuke sura yake. Mpiga picha alitafuta kwenye simu, akatafuta kwenye droo. Hakuwa nayo hata moja. Picha za watu wa mtaa mzima anazo, ya baba yake isiyo na ukungu hana.

"Kinyozi hajinyoi," alisema mgeni kwa kumfariji.

Kaka yake alikuwa amekaa kiti cha pili na alilisikia hilo pia. Alisubiri mgeni ainuke, akamfuata mdogo wake jikoni.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Mimi kazi yangu ni nywele. Mtu akiingia dukani na chawa mmoja, nitamwona. Wewe kazi yako ni nini?"

"Kaka, watu wamejaa."

"Nakuuliza kazi yako."

"Picha."

"Ni kutazama watu. Ndiyo inayowalisha wanao. Ukamtazama baba, ukamtazama, umekaza jicho kabisa, na hukuona kwamba anakufa. Angekufa mbele ya kipofu, kipofu angejua."

Mpiga picha aliliweka birika chini. Mkewe, aliyekuwa akiosha vikombe, hakugeuka. Kinyozi aliondoka, na baada yake jiko lilikuwa na kelele za maji peke yake.

"Hukumwambia," alisema mkewe.

"Nimwambie nini?"

"Ulivyomwambia baba."

"Umemsikia mwenyewe anavyosema. Nikiongeza na hilo, si ataniua?"

"Mimi sitamwambia mtu. Lakini jana usiku umesema usingizini. Umesema pumua, pumua, mpaka mtoto akaamka akadhani anaambiwa yeye." Alikiweka kikombe cha mwisho juu ya vingine. "Jambo hili ni kubwa kuliko chumba chetu. Usinibebeshe mimi."

*

Wageni walipopungua mpiga picha aliisafisha filamu. Chumba chake cha giza kilikuwa bafu lao, na ilimbidi asubiri kila mtu amalize kuoga. Aliogopa kuitazama ikiwa mvua, akaitundika kwenye kamba ya taulo, akatoka. Ilipokauka akachapa picha zote, moja baada ya nyingine, bila kuziangalia usoni, kama mtu anayechapa za mteja.

Kisha akawasha taa na kuziangalia.

Zile za mwanzo zilikuwa zile zile za siku zote, mzee na ukungu wake. Zile za mwisho alizisogeza chini ya taa. Hajawahi kupiga picha kama hizo maishani. Jicho lilikuwa safi mpaka mishipa midogo ya wekundu, mpaka dirisha la chumba likionekana ndani ya mboni, dogo, na mtu amesimama ndani yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeyeyuka. Alizipanga kwa mfuatano na kuzikodolea, akitafuta ni wapi. Hii yupo? Hii je? Alichukua kioo cha kukuzia. Midomo ilikuwa ile ile. Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho baba yake alikuwa mtu mmoja anayemsubiri amwambie jambo.

Alimpelekea mama, kwa sababu hakujua mwingine wa kumpelekea. Mama alivaa miwani, akazipitia taratibu.

"Huyu ndiye mume wangu," alisema kwenye zile za ukungu. "Mtu na ngoma zake." Akafika kwenye zile nyingine, akaisogeza moja karibu na miwani. "Na hapa? Hapa ulimfanyaje?"

Ndipo alipomwambia. Alimwambia amesimama, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikiri makosa utotoni.

"Rudia," alisema mama.

"Nilimwambia avute pumzi, atoe nusu, asipumue mpaka nimwambie. Akaniuliza je nikisahau. Nikamwambia siwezi kusahau."

"Ukasahau."

"Nikasahau, mama. Alikuwa ametulia vizuri sana."

Mama aliivua miwani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na kwa muda ilionekana kwamba atapiga ukelele. Alipofungua mdomo alizungumza polepole.

"Mwanangu, mimi nimeishi na mzee huyu tangu sina mvi hata moja. Nilimwambia apunguze chumvi, akaongeza. Nilimwambia asipande paani, akapanda na kutetemeka kwake kote, nikashika ngazi nikilia. Angekuwa mtu wa kufa kwa kuambiwa, mimi ningekuwa mjane zamani sana."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, na mwanawe naye akacheka kwa kuchanganyikiwa, kisha akagundua kwamba mama hacheki tena, analia, kilio ambacho hakukilia zahanati wala makaburini. Alipiga magoti akamshika. Picha zilimwagika sakafuni.

Alipotulia, mama mwenyewe aliinama akaziokota. Aliichomoa moja kati ya zile za mwisho.

"Hii ndiyo itakayotundikwa dukani."

"Mama, hapo huenda alikuwa ameshakufa."

"Usiniambie, sitaki kujua. Alitaka picha ametulia, hii hapa." Akamkabidhi. "Na kaka yako utamwambia kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea."

*

Duka la kinyozi lilikuwa na mteja mmoja, dereva wa lori mwenye shingo nene, uso wote povu. Mpiga picha aliingia na fremu kwapani. Kaka yake alimwona kwenye kioo na hakugeuka.

"Mama kasema itundikwe," alisema mpiga picha.

Kinyozi alifuta mkono, akatoa msumari kwenye droo, akaugongelea juu ya kioo. Aliitundika picha akiwa ameitazama pembeni pembeni, akarudi kwenye wembe wake. Mpiga picha angeweza kwenda zake. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeelekea mlangoni.

"Ndugu," dereva alisema, macho juu, "huyu si Mkono Mwepesi? Mimi nilimjua. Mwisho wake hata kijiko kilimkataa. Mbona hapa ametulia namna hii? Ulimfanyaje?"

Kulikuwa na majibu mengi. Lenzi nzuri. Bahati. Mwanga wa asubuhi. Mpiga picha aliyafikiria yote, akiutazama mgongo wa kaka yake uliokuwa umekazana na kazi.

"Nilimwambia asipumue," alisema.

Dereva alicheka, povu likaruka. "Naye akakubali?"

"Akakubali. Nikasahau kumwambia apumue."

Dereva alipiga mkono wa kiti kwa kicheko. "Nyinyi watu wa picha mna mambo. Siku moja mtamuua mtu." Alikuwa bado anacheka alipouona uso wa kinyozi kwenye kioo. Kicheko kikakatika katikati. Aliitazama tena ile picha, akamtazama aliyeileta, akaitazama tena.

"Ilipigwa lini hii?" aliuliza.

Kinyozi alikuwa ameuweka wembe mezani. Aligeuka.

"Ndilo neno lako la mwisho kwake?"

"Ndilo alilolisikia."

"Yeye alisema nini?"

"Aliuliza, na ukisahau kuniambia? Tukacheka. Sote watatu tulicheka, mpaka shuka likayumba."

Mpiga picha alisubiri ngumi, na kusema kweli aliitaka. Kaka yake alisogea mpaka benchi la wateja, akakaa kama mtu aliyeshushwa na mtu mwingine.

"Mlikuwa mnacheka," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Mimi asubuhi ile nilimnyoa kutoka sikio hadi sikio. Alikuwa ananisemesha. Picha, picha. Sikumjibu hata neno. Nilitaka ajue kwamba bado nimekasirika." Aliitazama mikono yake. "Nikamuaga mama, yeye nikamruka. Nilijiambia, nitamsemesha jioni."

Mpiga picha alikaa kando yake. Hawakugusana. Nje watu walipita wakipiga soga, na kwenye kiti, chini ya ile picha, dereva alikuwa amekaa wima na nusu ya ndevu zake, povu linamkaukia shavuni, akiogopa hata kumeza mate.